Waliozima eCitizen walishtakiwa Los Angeles, sisi tulikuwa wapi?

Watu wengi washaisahau ile wiki ya mwisho wa Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipozimwa. Mimi sijaisahau na sidhani tunafaa kuisahau, manake kwa kumbukumbu yangu ndo mara ya kwanza Wakenya wa kawaida, sio watu wa IT, sio wanausalama, yaani mama anayenunua tokeni za stima na kijana anayefuatilia pasipoti, waliguswa wote kwa mpigo na shambulio la kimtandao lenye sababu za kisiasa kabisa.

Hebu niikumbushe kidogo. Tarehe 30 Juni Rais Ruto alikuwa amezindua eCitizen mpya kwa shangwe, huduma 5,000 zimewekwa pahali pamoja, hakuna tena kupanga foleni. Hata mwezi haukuisha ikalala. Wageni waliokuwa wanaomba viza mtandaoni wakakwama mpaka serikali ikasema basi watapewa wakishafika. Tiketi za treni zikawa tabu, malipo ya stima yakasumbua, wengi wakalalamika hata pesa kwa simu hazipiti sawasawa. Tarehe 27 waziri wa ICT wa wakati huo, Eliud Owalo, akatoka akakubali kwamba ni kweli tumeshambuliwa, ila data ya mtu haijapotea, walichofanya hao jamaa ni kuujaza mfumo maombi kupita kiasi hadi ukasongeka.

Waliojitangaza ni Anonymous Sudan, kwenye Telegram, na sababu waliitoa wenyewe wazi, ati Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Kumbuka vita vya kule vilianza Aprili 15 mwaka uleule, na Ruto alikuwa amepewa na IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, uongozi wa zile nchi nne za kusuluhisha, na jeshi la Sudan likamkataa hadharani likisema anaegemea upande wa RSF, kikosi kinachopigana nalo. Kwa hiyo ugomvi wa majenerali Khartoum ukaja kumzuia mtu Changamwe kulipia leseni yake. Hilo ndo jambo ambalo nilitaka sana watu walielewe wakati ule na sikuona likizungumzwa vya kutosha, kila mtu alikuwa anauliza tu inarudi lini.

Kwa wasiojua hii kitu inafanyikaje, haina uchawi. Chukua feri ya Likoni, Mombasa, asubuhi, halafu watu elfu kumi wasio na safari yoyote waje wajae pale kwenye mteremko wa kuingilia, hawataki kuvuka, hawaibi, hawapigani na mtu, wamesimama tu. Feri ni nzima, injini inanguruma, nahodha yuko, lakini mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Makadara hapiti. Ndo DDoS hiyo. Ndo maana ile kauli ya "data haijapotea" ni ya kweli na bado haitoshi, manake lengo halikuwa data, lengo lilikuwa kuonyesha kwamba serikali yenu haiwezi kuwahudumia mpaka sisi tupende.

Je huo ni ugaidi? Nimebishana na watu sana juu ya hili. Kuna wanaosema ugaidi ni damu, ni yale mauaji ya Nairobi ya Westgate na DusitD2, na kuuita ugaidi mfumo uliolala siku mbili tatu ni kuwakosea heshima waliokufa. Nawaelewa na kwa kiasi nakubaliana nao, hilo neno likitumiwa ovyo linaleta madhara na nitalirudia mbele. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Februari 2024 kundi hilohilo lilipiga hospitali ya Cedars-Sinai kule Los Angeles, na kwa mujibu wa mashtaka idara ya dharura ililazimika kuwaelekeza wagonjwa hospitali nyingine kwa muda wa saa nane hivi. Saa nane! Mtu mwenye shinikizo la moyo yuko ndani ya ambulensi anaambiwa nenda kwingine. Ukimtishia raia maisha yake ili serikali yake isikie, basi mimi jina sigombanii, ila uzito wake naujua.

Na hawakuishia hapo. Sweden na Denmark walipigwa kwa sababu ya kuchomwa Kurani, Microsoft walipigwa Juni 2023 Outlook ikayumba dunia nzima, X wakapigwa kwa kisingizio cha kumshinikiza Elon Musk apeleke Starlink Sudan, ChatGPT ikapigwa, na Februari 2024 wakadai wameangusha mitandao ya simu Uganda kwa vile Hemedti, mkuu wa RSF, alipokelewa kule. Na wakati huohuo walikuwa wanauza huduma yao kama biashara nyingine yoyote, dola 100 kwa siku, 600 kwa wiki, 1,700 kwa mwezi. Yaani mtu yeyote mwenye chuki na hiyo hela angeweza kukodi.

Sasa hapa ndo pananikera mpaka leo. Kwa muda mrefu wachambuzi wengi, tena wa kampuni za Ulaya, walisema hawa si Wasudani, ni Warusi wamevaa bendera ya Sudan. Ilikuwa hoja yenye mantiki, walikuwa wanashirikiana na makundi ya Kirusi, posti nyingi za Kirusi, na seva za kukodi za bei mbaya. Halafu Oktoba 16, 2024 waendesha mashtaka wa Marekani kule Los Angeles wakafungua faili, na ndani yake wako ndugu wawili Wasudani, mmoja miaka 22 na mwingine 27. Wanadaiwa kufanya mashambulio zaidi ya 35,000 ndani ya mwaka mmoja hivi. Mmoja wao akashtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, kwa sababu ya hospitali. Ni mashtaka, na mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Ila tazama ilivyofikiwa.

Walishikwa Machi 2024, nje ya Marekani. Mwezi huohuo FBI wakaichukua ile zana yao ya kushambulia na seva zilizokuwa zinaiendesha. Na orodha ya waliosaidia ndo inafaa kubandikwa ukutani kwenye kila wizara ya ICT ukanda huu: Akamai, Amazon, Cloudflare, CrowdStrike, DigitalOcean, Flashpoint, Google, Microsoft, PayPal, SpyCloud. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Huenda huyu aliona trafiki inatoka wapi, yule alikuwa amewakodisha seva bila kujua, huyu aliona malipo, yule alikuwa amekusanya mazungumzo yao ya Telegram. Yote ikaingizwa chini ya Operesheni PowerOFF, ambayo ni ushirikiano wa polisi wa nchi kadhaa dhidi ya hawa wanaouza mashambulio kwa kukodisha. Hakuna hata mmoja kati yao angewapata hao vijana peke yake. FBI peke yao wasingeweza, Amazon peke yao wasingeweza.

Na sasa soma ile taarifa ya waendesha mashtaka kwa jicho la Mkenya. Hasara iliyotajwa ni zaidi ya dola milioni 10, na ni hasara ya waathirika wa Marekani. Si makosa yao, mahakama ya California inashughulika na watu wa kwake, ndivyo sheria ilivyo. Lakini ina maana yule mgeni aliyekwama na viza, yule mfanyabiashara aliyeshindwa kusajili kampuni, yule aliyelala giza kwa kukosa tokeni, hakuna shilingi yake iliyohesabiwa kwenye ile milioni 10. Sisi tulipigwa miezi 7 kabla ya ile hospitali. Tulikuwa na ushahidi mbichi kabisa mikononi Julai 2023, trafiki imejaa kwenye mifumo yetu, madai yako Telegram, sababu wameiandika wenyewe. Je ule ushahidi ulihifadhiwa? Ulipelekwa kwa nani? Mimi ni mtu wa kuangalia mifumo ya kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, sina cheo cha kuuliza waziri, lakini kama mlipa kodi nauliza hapa.

Halafu hii picha, ya sisi kupigwa na kesi kusikilizwa mbali, tunaijua sisi na Watanzania tangu kabla hatujawa na intaneti majumbani. Agosti 7, 1998, mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224. Mmoja wa washtakiwa, Mohammed Odeh, alinaswa uwanja wa ndege Karachi siku ileile. Mwingine, Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar, alikaa Cape Town mpaka Oktoba 1999 akashikwa, akakabidhiwa kwa FBI harakaharaka, na kesi ikaenda New York. Shambulio Afrika Mashariki, mtuhumiwa Pakistan, mtuhumiwa Afrika Kusini, hakimu Marekani. Ushirikiano wa kimataifa ndo huo, na ulifanya kazi.

Ila kuna sehemu ya hadithi hiyo watu huwa wanairuka. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema wazi kwamba kumkabidhi Khalfan vile kulikuwa kinyume cha katiba yao, kwa sababu serikali haikuomba kwanza ahadi kwamba hatauawa, na ikaagiza hukumu yake ipelekwe hadi mahakama ya New York isomwe kule. Julai jopo la New York likashindwa kukubaliana juu ya kumhukumu kifo, akapata kifungo cha maisha. Mimi sina huruma na aliyeua watu wetu. Lakini majaji wa Johannesburg walikuwa sahihi, na walisema jambo ambalo leo ndo linatusumbua kwenye mambo ya mtandao, kwamba haraka ya kumpata mtu mbaya haifuti haki. Na mimi naongeza, nchi inayokabidhi watu au data kwa mlango wa nyuma siku moja itajibu.

Kesi nyingine ambayo kila nikiisoma nasema hivi ndivyo inavyotakiwa ni ya Ardit Ferizi. Huyu alikuwa kijana wa Kosovo, anaishi Malaysia. Juni 2015 akaingia kwenye seva ya duka moja la mtandaoni la Marekani, akachuja wateja wanajeshi na wafanyakazi wa serikali, watu wapatao 1,300, majina, barua pepe, nywila, simu, akampa Junaid Hussain, Mwingereza aliyekuwa Syria na ISIS. Agosti orodha ikatupwa Twitter ikiambatana na vitisho kwamba tunawajua na tutawafikia. Hapo hakuna ubishi, huo ni ugaidi na ulipita kwenye waya. Sasa hesabu: Mkosovo, Malaysia, seva Marekani, mpokeaji Mwingereza, Syria. Na bado Oktoba 2015, miezi 4 tu tangu aingie kwenye seva, polisi wa Malaysia walikuwa wameshamkamata. Septemba 2016 akahukumiwa miaka 20. Iliwezekanaje? Lile duka liliposhambuliwa halikuficha. Ferizi aliwaandikia kuwatisha na kuwadai bitcoin 2, wao wakapeleka kwa FBI pamoja na logi, yaani kumbukumbu za matukio, za seva yao, anwani ya IP (namba ya mtandao aliyotumia) ikaonyesha Malaysia, akaunti zake za mitandao zikaonyesha IP za hukohuko, na polisi wa Malaysia walipoombwa hawakuliacha faili mezani.

Hapo kuna vitu viwili naviona ndo vyenyewe, mwathirika kutoficha na polisi wa nchi nyingine kutolalia faili. Vingine ni mapambo. Na kwetu vyote viwili ni vigumu. Kampuni zikipigwa zinanyamaza, wanaogopa wateja, wanaogopa magazeti, IT anaambiwa rudisha mfumo hewani haraka, na katika kurudisha anafuta kila kitu anaweka upya, ushahidi umekwenda. Nimeona hivyo mahali nilipowahi kufanya kazi, siku mbili baada ya tukio hakukuwa na logi hata mstari mmoja, na bosi alifurahi kwa sababu mfumo umerudi.

Na hilo la pili ndo ukuta wenyewe. Kenya tuna sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria na mataifa mengine, maombi yanapitia kwa Mwanasheria Mkuu. Askari mpelelezi akitaka ushahidi ulioko kwenye seva ya kampuni ya nje anaandika, inapanda, inakaguliwa, inatumwa, inapokelewa na wizara ya kule, inasomwa na wanasheria wao, wanarudisha ati hapa hamjaeleza vizuri, inaanza tena. Ni miezi, mara nyingine inapita mwaka. Kumbe zile logi kampuni ilikuwa inaziweka wiki chache tu kisha zinajifuta zenyewe. Unafika na barua yenye muhuri, kitu kilichoombwa hakipo duniani. Mshambuliaji hatumii barua, yeye anabadilisha seva kabla hujamaliza chai.

Dawa yake ilishafikiriwa zamani, si jambo jipya. Mkataba wa Budapest wa 2001, wa uhalifu wa mtandao, uliweka kitu kimoja kidogo ambacho kwangu ni bora kuliko hotuba zote, kila nchi mwanachama lazima iwe na mtu au ofisi inayopatikana saa 24, siku 7, na ukimpigia unaweza kumwomba logi zigandishwe zisifutwe, wakati barua rasmi inaendelea kutembea na mwendo wake. Hugawiwi data hapo hapo, inahifadhiwa tu isipotee. Haki za mtu haziguswi na ushahidi haufi. Ghana, Nigeria, Senegal, Morisi na Moroko washaingia humo. Sisi Waafrika tuna wetu, Mkataba wa Malabo, ulipitishwa Juni 2014 na ukahitaji nchi 15 kuuridhia, ikachukua karibu miaka 9, Mauritania ikawa ya 15 na ukaanza kutumika Juni 8, 2023. Wiki chache tu kabla eCitizen haijalala. Ukiangalia zile 15 utaiona Rwanda, Msumbiji na Zambia, majirani, lakini Kenya hukuti, Tanzania hukuti, Uganda hukuti. Nchi zinazojiita kitovu cha teknolojia ukanda huu!

Wengine wanasema mikataba ni karatasi. Estonia wangewajibu vizuri. Mwaka 2007, baada ya kuhamisha ile sanamu ya askari wa Kisovieti mjini Tallinn, walishambuliwa wiki kadhaa, benki, magazeti, bunge, kila kitu. Nchi ya watu milioni moja na ushee. Waliokoka kwa sababu wataalamu wa Ufini, Ujerumani, Israeli na Slovenia waliitikia haraka, wakasaidia kuzuia trafiki ikiwa bado iko huko mbali haijafika Tallinn. Hawa walikuwa watu wanaojuana, wameshakutana kwenye mikutano, wana namba za simu za kila mmoja. Lakini walipoiomba Urusi isaidie kisheria kuwatafuta wahusika waliokuwa kwenye ardhi yake, Urusi ilikataa. Kwa hiyo kujuana kulizima moto ila hakukumleta mtu mahakamani. Unahitaji vyote, urafiki wa mafundi na nguvu ya sheria, kimoja kikikosekana unabaki nusu.

Sasa kuna mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa wa uhalifu wa mtandao, umepitishwa Desemba 24, 2024 na kufunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, unangoja nchi 40 ziuridhie. Nao umeweka utaratibu wa saa 24 na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Lakini nimeusoma na kuna kifungu kinanitia hofu kweli, na nataka unisikilize hapa hata kama hupendi mambo ya sheria. Mkataba unaruhusu nchi kuombana ushahidi wa kielektroniki kwa kosa lolote "kubwa", na kosa kubwa wanalieleza kuwa ni lile ambalo kifungo chake cha juu ni miaka 4 au zaidi. Haya, fungua sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 23, kuchapisha habari za uongo zinazoleta taharuki au kumharibia mtu jina, kifungo kilichoandikwa mle ni hadi miaka 10. Kwa kipimo hicho posti ya kijana aliyemkosoa mkubwa fulani inaweza kuitwa kosa kubwa, na nchi nyingine ikaombwa itoe data zake. Ndio, umewekewa vipengele vya haki za binadamu, na nchi inayoombwa inaweza kukataa. Inaweza. Si lazima.

Na hii si hofu ya kubuni. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kwenye X, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Na kati ya vijana walioandamana Juni 25, mwezi huohuo, baadhi yao walipelekwa kortini kwa mashtaka ya ugaidi. Ugaidi! Kwa maandamano. Ndo maana nilisema lile neno nitalirudia. Kila serikali inapomwita mwandamanaji gaidi, inajiharibia yenyewe, manake siku itakapopeleka ombi Dublin au California, ziliko kampuni kubwa za mtandao, ikisema tunamtafuta gaidi wa mtandao, mwanasheria wa kule atauliza, huyu ni gaidi wa kweli au ni kijana mwenye mdomo? Ataliweka faili pembeni alichunguze, na miezi ile inahesabika kwa faida ya gaidi wa kweli. Watu wa haki za binadamu na watu wa usalama wanadhani ni maadui, wallahi kwa hili wako jahazi moja. Ombi safi ndo hujibiwa haraka.

Sitaki ionekane hakuna linalofanyika, hiyo itakuwa dhuluma kwa watu wanaokesha. KE-CIRT ya Kenya wapo, TZ-CERT ya Tanzania wapo chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, hivi ni vitengo vya kitaifa vya kushughulikia mashambulio ya mtandao, wanatoa tahadhari na wanashirikishana na wenzao. Na Interpol pamoja na AFRIPOL, shirika la polisi la Umoja wa Afrika, Septemba na Oktoba 2024, waliendesha Operesheni Serengeti nchi 19 za Afrika, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo Kinshasa zikiwemo. Washukiwa 1,006 walikamatwa, na seva na miundombinu ya uhalifu zaidi ya 134,000 ikavunjwa. Hapa kwetu walifumua wizi wa kadi za benki wa dola milioni 8.6, pesa zilikuwa zimesambazwa mpaka kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Utasema huo ni wizi si ugaidi, na ni kweli. Lakini afisa aliyejifunza kumpigia mwenzake wa Abuja usiku kwa ajili ya kadi zilizoibiwa ndo huyohuyo atakayempigia siku hospitali ya Mombasa imezimwa. Ushirikiano unafanyiwa mazoezi kwenye vitu vidogo, hauwezi kuanza siku ya msiba.

Ninachotaka mimi hata si kikubwa. Malabo iridhiwe, miaka zaidi ya 10 inatosha kuisoma. Ile ofisi ya saa 24 iwe na watu wa kweli wanaolipwa vizuri, sio simu inayolia kwenye meza tupu baada ya saa kumi na moja jioni, manake vijana wanaojua kazi hii wanachukuliwa na mabenki kila siku na hatuwezi kuwalaumu. Kile kifungu cha 23 kiondolewe kabla hatujaanza kuombana data na dunia nzima. Na tukipigwa tena, serikali itoe ripoti baada ya tukio, iseme nini kilitokea na nini kilipelekwa wapi, ilipotokea 2023 tulipewa taarifa ya "tumeshadhibiti" tukaambiwa tuendelee na maisha.

Na kwa mwenzangu unayeshika seva za kaunti, shule, sacco, hospitali ndogo, kuna mambo yako mkononi mwako leo bila kungoja bunge. Tunza logi angalau miezi 6 na uziweke kwenye mashine tofauti na ile inayoweza kupigwa, manake anayeingia kitu cha kwanza anafuta nyayo. Hakikisha saa za mashine zako zote ziko sawa na uandike kama ni saa za Afrika Mashariki au za UTC, saa za kimataifa, kwa sababu ukimpelekea mpelelezi wa nje muda uliopishana saa 3 anamtafuta mtu mwingine kabisa. Na hili wengi hawalijui, usiandike anwani ya IP peke yake, andika na namba ya poti, yaani mlango wa muunganisho, iliyotumika upande wa mpigaji. Kampuni zetu za simu zinawaweka wateja wengi sana nyuma ya IP moja, kwa hiyo IP bila poti na bila sekunde kamili haimtambulishi mtu, itakupa orodha ya mtaa mzima, na mle ndani utakuta watu wasio na hatia yoyote. Mfumo ukipigwa usikimbilie kuufuta, chukua nakala ya diski kwanza, ndo urudishe hewani. Halafu ripoti KE-CIRT, au TZ-CERT kama uko Tanzania, siku hiyohiyo, hata kama bosi anaona aibu.